Kidole cha Woga

Ukifika hospitali ile ukamwulizia kwa jina lake la kwenye cheti, utazungushwa mpaka miguu iume. Sema Bi Pumzi, na hata mfagizi wa kwenye korido atakuonyesha mlango: chini kabisa, kushoto, penye taa nyekundu juu. Jina hilo alipewa na wagonjwa wenyewe, maana ndiye anayewafundisha kushika pumzi kabla mioyo yao haijapigwa picha, na anawafundisha kama mama anayemnywesha mtoto dawa chungu. "Vuta kidogo. Kidogo, nimesema, hapa hatupulizi maputo. Shika. Haya, achia." Watu wazima wenye vyeo vyao na vitambi vyao wanamtii bila kubisha.

Ana miaka hamsini na tatu, mfupi, viatu vyeupe vya mpira, miwani inaning'inia kifuani. Unyenyekevu hajawahi kuwa nao na hana mpango wa kuuanza uzeeni. Mtu akimsifu hasemi "aa, kawaida tu". Anakaa vizuri ili asifiwe kwa raha. Mume wake, fundi wa majokofu, husema siku mkewe akifa na watu wakasimama kumsifu, atafufuka kuwasahihisha. Na Bi Pumzi hujibu kwamba atafufuka ndiyo, kwa sababu watu hawajui kueleza mambo.

Kazi aliianza enzi za filamu, kwenye chumba cha giza, vidole vimebadilika rangi kwa dawa. Miaka ishirini na saba. Alikuwa anaijua mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa mionzi, kuliko anavyolijua jiko lake. Lakini kuna siku alikamatwa hana jibu, na yote ninayokusimulia yalianzia hapo.

Alikuja mwalimu wa chekechea, mwanamke wa miaka thelathini na nne, mwenye shida ya moyo. Ilikuwa picha yake ya tatu ndani ya miaka miwili. Alipokwisha kuteremka mezani, anafunga vifungo vya blauzi, akauliza kwa adabu, "Mama, samahani. Hii mashine inanipa mionzi kiasi gani?"

"Kidogo tu," Bi Pumzi akasema.

"Kidogo kiasi gani?"

Bi Pumzi akageukia skrini. Namba ya dozi, yaani kiasi cha mionzi, hutokea kwenye skrini kila mgonjwa anapomaliza, pale kwenye kona ya chini. Ameiona maelfu ya mara, na maelfu ya mara ameifunga bila kuisoma ili amwite mgonjwa mwingine. Akamjibu yule mwalimu kwamba ataangalia. Mwalimu akashukuru, akaenda zake, na Bi Pumzi akabaki amekaa na aibu yake. Nasema aibu kwa sababu mwenyewe ndivyo anavyosema. Mwanamke anayejisifu kuwa hakuna asichokijua kwenye chumba kile alikuwa hajui kitu ambacho mgonjwa ana haki ya kukijua kuliko vyote.

Mionzi ina ubaya huo. Haiumi, haiwashi, haina harufu. Ingekuwa inaunguza kama uji wa moto, kila mtu angeipima kwa kijiko. Kwa kuwa haiunguzi, watu huimwaga tu, na madhara yake, kama yapo, hubisha hodi baada ya miaka ishirini au thelathini, wakati aliyeimwaga ameshastaafu na analima bustani yake.

Akanunua daftari la hesabu lenye miraba, akaanza kuandika: umri, uzito, mapigo ya moyo, namba ya dozi. Kila mgonjwa wa moyo, kila siku, zamu zote. Baada ya miezi miwili akazipanga zile namba, akaona mambo ya ajabu. Watu wawili wenye mwili mmoja, mashine ileile, ugonjwa uleule: huyu mia saba, yule elfu moja na mia moja. Kwa nini? Akafungua picha za zamani, akazipima moja moja. Picha ya moyo inatakiwa ianzie pale bomba la hewa linapogawanyika na iishie chini ya moyo kidogo tu, basi. Hizi zilikuwa zinaanzia karibu na shingo na kuishia tumboni. Moyo wa binadamu ni wa ukubwa wa ngumi, lakini ukiziangalia zile picha ungedhani wanatafuta moyo wa ng'ombe.

Akamwita mwenzake wa zamu. Huyu ni bwana mmoja mwema sana, mrefu, mwoga wa lawama, wamefanya kazi pamoja miaka ishirini. Jina lake la kazini ni Nyongeza, na sasa utaona kwa nini.

"Hii mistari ya mwanzo na mwisho wa picha unaiwekaje?" Bi Pumzi akamuuliza.

"Kama kawaida. Naangalia moyo ulipo, halafu naongeza kidole kimoja juu, kidole kimoja chini."

"Cha nini?"

"Cha usalama. Daktari akisema picha imekata moyo, nani anaitwa ofisini? Wewe?"

"Na nani alikufundisha?"

Nyongeza akamtaja bwana mmoja aliyestaafu. Kumbe yule bwana naye alikuwa na kidole chake, tayari kimo ndani ya mistari aliyomfundisha. Nyongeza aliongeza chake juu ya cha mwalimu wake. Na mwalimu naye, nani ajuaye alikipata wapi. Haba na haba hujaza kibaba. Vidole vya watu waoga vilikuwa vimejaza kiganja kizima, kimelala juu ya matiti na maini ya wagonjwa wasiojua lolote.

"Hiki kidole si cha usalama," Bi Pumzi akasema. "Ni kidole cha woga. Unammwagia mtu mionzi ili wewe usigombezwe."

Nyongeza alinuna zamu nzima. Jioni, wakati wa kuvua makoti, akauliza bila kumwangalia, "Na wewe je, umepima zako?"

Hakuwa amezipima. Kesho yake akazipima, akakuta yeye, Bi Pumzi mwenyewe, ni vidole viwili. Mwingine angelifuta daftari. Yeye alisimama katikati ya chumba cha chai akawatangazia wote kwamba mwoga namba moja wa idara amepatikana, na ni yeye, na kuanzia leo hakuna vidole tena.

Basi akaanza kupunguza, na kazi hiyo hakuifanya gizani. Mkuu wa idara alijua, na mtaalamu wa fizikia anayekuja kukagua mashine kila mwezi alikaa naye saa nzima nzima wakibishana juu ya namba. Kwanza mistari ikarudi mahali pake. Pili ikaja nguvu ya umeme wa mashine. Watu wote, mnene na mwembamba, walikuwa wanapigwa kwa kilovolti mia na ishirini, utadhani wameshonewa sare ya saizi moja. Akashusha: wa kawaida mia, mwembamba themanini. Picha huingia chenga kidogo ukishusha, zile punje punje mnazoziona kwenye televisheni yenye antena mbovu, lakini dawa inayotiwa kwenye mishipa inang'aa zaidi, na programu ya kompyuta ikirekebishwa vizuri inazifagia chenga nyingi.

Jambo la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote. Moyo kila ukipiga hutulia kidogo kabla ya kupiga tena. Mipangilio ya zamani iliacha mionzi imewaka mfululizo, moyo ukipiga, ukitulia, halafu kompyuta inachagua picha chache za pale ulipotulia na nyingine zote zinatupwa. Mgonjwa alishazilipia kwa mwili wake. Bi Pumzi akataka mionzi iwake pale moyo unapotulia tu, na mahali pengine pote izime. Inawezekana, mashine inajua. Lakini inataka moyo wa polepole, chini ya mapigo sitini na tano kwa dakika, usiorukaruka. Kwa hiyo kuna kidonge cha kutuliza mapigo, anachotoa muuguzi saa moja kabla. Na kuna pumzi.

Hapo kwenye pumzi ndipo alipogundua kitu ambacho hakimo kwenye kitabu cha mashine. Mashine ilikuja na sauti yake ya kurekodiwa, ya mwanamume, nzito, yenye mwangwi, inayoamrisha watu washike pumzi. Siku moja Bi Pumzi alikuwa anautazama mstari wa mapigo kwenye skrini, mgonjwa ametulia kwenye sitini na mbili, sauti ikatoka, na mstari ukaruka mpaka themanini. Akatazama mgonjwa wa pili, hivyohivyo. Mtu amelala peke yake kwenye chumba cha baridi, waya kifuani, halafu anakemewa na dari. Moyo gani usiruke? Akaizima ile sauti, hajaiwasha tena mpaka leo. Anasema mwenyewe kwenye maikrofoni, kwa sauti aliyokuwa akiwalazia watoto wake.

Ndani ya miezi minane, namba zilizokuwa zinacheza mia tisa zikashuka mpaka mia mbili na ushei. Bi Pumzi alitembea korido ile kama mtu aliyejengewa sanamu. Na alikuwa na haki.

Ndipo akaja daktari mpya wa moyo.

Nisimseme vibaya, alikuwa bingwa kweli. Mtu akifika na moyo umechoka, yule daktari akimshika, anatoka anatembea. Lakini alikuwa na jicho lililozoea picha laini, zisizo hata punje moja, na alikuwa hashuki chini. Alisoma picha ghorofa ya tatu na kuzungumza kwa simu.

"Picha zako zina chenga."

"Mishipa inaonekana, daktari."

"Inaonekana kwako. Mimi nikikosea kusoma mshipa, mtu anafariki wiki ijayo. Mionzi unayoiogopa itamdhuru baada ya miaka thelathini, labda. Labda isimdhuru kabisa."

Na hilo lilimchoma Bi Pumzi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Picha isiyosomeka ni mionzi ya bure. Bora usipige kabisa.

Halafu likatokea la dereva wa lori. Alikuja bwana mpana, mcheshi, foleni ndefu, na mzani uko chumba cha tatu. Nyongeza akamuuliza uzito, bwana akasema themanini na tano. Bi Pumzi akaweka mia, akapiga. Picha ikatoka chenga tupu, mshipa huuoni kabisa. Daktari akairudisha. Ikabidi apigwe tena kwa nguvu kubwa, dozi juu ya dozi. Walipompandisha kwenye mzani, kilo mia na kumi na mbili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kilo anaumbuliwa na picha. Nyongeza alitaka kubeba lawama, Bi Pumzi akamkatalia. Mzani upo, miguu ipo, na aliyekaa kitini ni yeye.

Simu ikalia kutoka juu. "Nakupa wiki mbili," daktari akasema. "Ikirudiwa picha moja tu, mipangilio ya zamani inarudi kwa wagonjwa wote. Nimeshaongea na mkuu wa idara, amekubali."

Nyumbani alimkuta mume wake kapiga magoti nyuma ya jokofu la jirani. Akamweleza yote akiwa amesimama, mkoba bado begani. Mume akasikiliza, kisha akasema, "Kwani ukirudisha ya zamani, nani atajua?"

"Hakuna atakayejua. Wagonjwa ndio hawatajua kabisa. Wataniambia asante."

"Basi."

"Basi nini? Ndiyo inayoniuma hiyo."

Mume akaacha bisibisi, akamtazama. "Wiki mbili si nyingi," akasema. "Usimpige mtu yeyote ambaye hujampima mwenyewe."

Mzani ukahamia mlangoni kesho yake asubuhi. Nyongeza akawa askari wa mzani, hakuna anayepita, na mara mbili alimpandisha muuguzi aliyekuja kuomba kalamu. Wagonjwa kumi na tisa wakapita siku zile, na picha zao zote zikasomwa. Hakuna iliyorudi. Ikafika Ijumaa ya mwisho, saa sita mchana, na akabaki mmoja.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, fundi cherehani, mwembamba, kilo arobaini na nane. Wiki iliyopita alikuwa akipandisha jora la kitambaa ngazini, kifua kikambana, akaanguka. Kipimo cha mawimbi ya sauti hakikuonyesha vizuri mishipa yake ya moyo inatokea wapi. Daktari alitaka kuiona mwanzo hadi mwisho.

Moyo wake ulikuwa unakwenda tisini na nane. Akapewa kidonge, wakasubiri. Akapewa cha pili, wakasubiri tena. Ukashuka themanini na nne akiwa amelala kimya, lakini kila akiambiwa ajaribu kushika pumzi, unaruka tisini na tano. Nyongeza alikuwa akiitazama skrini huku anajifuta jasho, na chumba kile kina baridi ya kuhifadhi samaki.

Simu ikalia. "Namsubiri huyo mgonjwa," daktari akasema.

"Moyo haujatulia."

"Basi tumia mipangilio ya zamani, ile haichagui moyo. Mmalize. Sitakuhesabia kuwa umeshindwa."

Hebu fikiria mtego huo. Anaambiwa achukue njia rahisi na ushindi wake ataachiwa. Kumi na tisa wamepita, wa ishirini hahesabiwi, Jumatatu mipangilio yake inabaki. Kilichotakiwa ni kumwasha binti wa miaka ishirini na sita mara nane zaidi ya haja, matiti yake yakiwa palepale njiani, na kunyamaza. Bi Pumzi anakiri kwamba alifikiria. Alihesabu mpaka tano.

"Nipe nusu saa, daktari."

"Saa tisa nina kikao."

"Basi nipe dakika ishirini na tano."

Akakata simu yeye kwanza, jambo ambalo Nyongeza hulisimulia hadi leo kwa hofu. Akaingia ndani, akavuta kigoda, akakaa karibu na kichwa cha yule binti.

"Hebu shika pumzi nikuone."

Binti akavuta hewa yote iliyokuwemo chumbani, mabega yakapanda masikioni, midomo akaibana, ngumi akazikunja.

"Achia. Nani kakuambia ukunje ngumi?"

"Naogopa nisije nikaharibu, mama. Wamesema nikitikisika inaharibika."

Kumbe naye alikuwa na kidole chake cha woga, maskini. Anabana kifua kwa nguvu zote ili asigombezwe, na moyo uliobanwa hivyo hauwezi kutulia. Bi Pumzi akamshika mkono. Ncha za vidole zilikuwa na vitundu vya sindano.

"Unashona nini wewe?"

"Sare za shule. Na suruali za watu, kupunguza kiuno, kuongeza kiuno."

"Uzi unakukatikia mara ngapi kwa siku?"

"Usiseme, mama. Ile cherehani ina roho mbaya. Mara ishirini."

"Nionyeshe unavyoutunga."

Binti akacheka kidogo, akainua mikono na waya zake. Akashika sindano isiyokuwepo, akalainisha uzi usiokuwepo kwa ulimi, akausogeza taratibu kwenye tundu. Uso wake ukalegea. Mabega yakashuka. Na pumzi ikasimama yenyewe, nyepesi, bila kubanwa popote, kwa sababu hakuna fundi duniani anayetunga uzi huku anahema. Bi Pumzi akageuza jicho kwenye mstari wa mapigo. Themanini. Sabini na tatu. Sitini na nane.

"Umeingia?"

"Umeingia," binti akasema, akapumua.

"Ulishika pumzi."

"Mimi? Wapi."

"Ndivyo hivyohivyo ninavyotaka. Sitakuambia tena ushike kitu. Nitakuambia utunge uzi, nawe tunga. Mikono itakuwa juu ya kichwa, kwa hiyo sindano iko huko juu darini. Tunga kwa macho."

Wakafanya mara ya pili, ya tatu, ya sita. Kutoka kwenye spika sauti ya Nyongeza ilikuwa ikisoma kwa kunong'ona, "Sitini na nne. Sitini na mbili. Sitini."

"Dawa ikiingia mkononi utasikia joto mwili mzima," Bi Pumzi akamwambia, "utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Wewe endelea na uzi wako."

Akatoka, akafunga mlango mzito. Nyongeza alikuwa ameshaweka mistari juu ya picha ya awali, mmoja pale bomba la hewa linapogawanyika, mmoja chini ya moyo. Akausogeza ule wa chini kidole kimoja. Bi Pumzi aliona, akamwachia. Nyongeza akaurudisha mwenyewe.

"Themanini," Bi Pumzi akasema, na akaweka nguvu ya umeme themanini. Dawa ikaanza kuingia. Akakivuta kipaza sauti karibu na midomo. "Vuta kidogo tu, mwanangu. Haya. Tunga uzi."

Hamsini na tisa. Meza ikasogea, ikatulia, ikasogea tena. Mionzi iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima, na ikaisha kabla hujamaliza kutaja majina ya watoto wako. "Pumua," akasema. Pale kwenye kona ya skrini ikatokea namba: mia moja na kumi na mbili. Haikuwahi kushuka hivyo kwenye chumba kile.

Picha zikajipanga. Chenga zilikuwepo, ndogo, kama unga uliobaki kwenye ubao. Lakini mishipa ilikuwa imewaka yote. Bi Pumzi hana ruhusa ya kutoa majibu, na hatoi, ila miaka ishirini na saba inampa mtu macho. Aliufuata mshipa mmoja wa moyo mpaka unapotokea, akaona umetokea upande usio wake na kupita umebanwa kati ya mishipa mikubwa miwili. Akazituma picha juu. Akaenda kumfungua binti waya, akamwambia amefanya kazi kama fundi kweli, na daktari atamweleza yote.

Halafu wakasubiri. Saa tisa ikafika, ikapita. Simu haikulia. Saa tisa na robo Nyongeza akasema, "Amekataa. Anaandika barua." Bi Pumzi akamwambia afunge domo. Wagonjwa wote watakaokuja walikuwa wamening'inia kwenye simu ile.

Mlango ukafunguliwa, akaingia daktari wa moyo mwenyewe, kwa miguu yake, tai imelegea. Hakuwa amekwenda kikaoni.

"Nimeuona," akasema. "Mshipa umetokea pasipo pake, umebanwa. Nimeuona mpaka mdomo wake. Nimeongea na daktari wa upasuaji, wiki ijayo anafanyiwa. Atapona na atabeba majora yake."

"Na chenga?" Bi Pumzi akauliza.

"Zipo." Akasogea kwenye skrini. "Hazikunizuia kitu. Namba yake ngapi?"

Akamwonyesha. Daktari akainama, akaisoma, akaomba aonyeshwe ya mgonjwa mwenye mwili kama ule wa mwaka juzi. Mia tisa na arobaini. Akazitazama namba hizo mbili muda mrefu kuliko zinavyohitaji kusomwa. Kisha akachukua kalamu mezani, akaandika kwenye fomu ya idara kwamba mipangilio ya Bi Pumzi ndiyo itakayotumika, na ile ya zamani ibaki kwa wale tu ambao mioyo yao haitulii kwa namna yoyote. Akatia sahihi. Bi Pumzi akahisi kifua kimempanuka, machozi yamemjaa, na hakuyaficha. Alijivuna pale alipokaa, wazi kabisa, na ningemshangaa kama asingejivuna.

Lakini daktari hakuondoka. Alizungukazunguka, akaigusa meza ya mashine, akasoma kibandiko kisicho na maana. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Nina binti. Ana miaka kumi na sita. Ameanguka mara mbili shuleni, akikimbia. Kipimo cha mawimbi hakionyeshi. Miezi miwili nimemkataza michezo, na nimeshindwa kumleta kwenye mashine hii."

"Umeshindwa kwa nini?"

"Najua ile mipangilio inatoa kiasi gani. Na hii yako sikuiamini."

Nyongeza akatazama viatu vyake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Bi Pumzi alikuwa na maneno mengi mdomoni, mengine si ya kumwambia daktari, akachagua machache.

"Ulitaka kuwarudishia mabinti wa watu mionzi ambayo wako umeogopa kumpa."

"Ndiyo," daktari akasema.

Bi Pumzi akamwangalia. Alikuwa baba tu, amesimama kwenye chumba cha baridi. Akavaa miwani, akafungua daftari la miadi, akageuza mpaka Jumatatu.

"Asinywe chai wala kahawa," akasema. "Aje na mama yake. Wewe baki juu, moyo wake ukikuona utakwenda mbio."

"Saa mbili asubuhi?"

"Saa mbili kuna mwashi, na saa tatu kuna bibi mmoja muuza vitabu, wameshaandikwa. Wako ni wa tatu, saa nne. Na atapanda mzani kama wenzake."

Daktari akasema saa nne ni sawa.